Kila usiku naamka kuangalia oksijeni ya mume wangu, sasa ameanza kunikimbia chumbani

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitokee maana hata mawifi zangu wanakusoma. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, mume wangu ana 48, tuna miaka 17 kwenye ndoa na kwakweli ni mume mzuri, sijaja kumsema vibaya. Nimekuja maana sijui tena kama namlinda au namtesa.

Huyu mtu amekoroma tangu tunaoana, mimi nilishazoea, nilikua nalala tu. Mwaka juzi ndo nikaanza kuona kitu kingine, anakoroma weee halafu kimya. Kimya cha kutisha Shangazi. Nakaa nahesabu, kumi, ishirini, saa ingine nafika thelathini, kifua kinajivuta lakini hewa haiingii, halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyetolewa chini ya maji, anageuka, anaanza upya. Asubuhi kichwa kinamgonga, mchana anasinzia hata mtu akiwa anaongea nae. Siku moja alisinzia kwenye usukani watoto wako siti ya nyuma, gari likapanda ukingo wa barabara, Mungu tu alitusaidia. Baada ya hapo ndo akakubali kwenda kupimwa. Wakamfunga nyaya usiku kucha, majibu yakasema pumzi inakatika mara 47 kwa saa moja na oksijeni ya kwenye damu ilikua inashuka mpaka asilimia 71. Akapewa mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa kwa barakoa, ya kulala nayo.

Sasa ana miezi mitano nayo. Anaivaa, sitaki kusema uongo, anaivaa. Kukoroma kumeisha, kichwa hakimuumi, mchana hasinzii. Alivyorudi kliniki daktari akasoma ripoti ya mashine akasema pumzi sasa zinakatika mara 2.9 tu kwa saa, akampa mkono kumpongeza. Nilitakiwa nifurahi si ndio?

Mimi nilikua nimenunua oksimita, ile ya kubana kwenye kidole. Nilinunua ili nijiridhishe usiku mmoja tu. Nikamvisha akiwa amelala nikaona 96, nikalia kwa furaha. Usiku wa pili nikarudia. Wa tatu nikashtuka mwenyewe saa kumi alfajiri nikamvisha, ikasoma 84. Nikamtikisa kwa nguvu zote akaamka anauliza kuna moto, alivyokaa kitandani ikawa inasoma 97. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nina daftari, naandika. Saa saba 95. Saa nane 94. Saa tisa na nusu 87. Saa kumi na robo 83. Nimeweka alamu kwenye simu inatetema chini ya mto. Kazini sasa hivi mimi ndo nasinzia.

Wiki iliyopita nilimwamsha mara tatu usiku mmoja. Ya tatu akavua barakoa akaiweka sakafuni, taratibu tu, hakupiga kelele, akasema "mama, mimi nimechoka kuamshwa niambiwe sijafa", akaenda kulala kwenye kochi. Bila mashine. Nikakaa mlangoni nasikia anakoroma na zile kimya zake, nikaogopa kuingia. Kesho yake oksimita siioni. Nikimuuliza anasema nikiendelea hivi atahamia chumba cha watoto moja kwa moja.

Shemeji yangu anasema kuna mtu anaweza kutupatia mtungi wa oksijeni tumuunganishie usiku, mambo yaishe. Mimi mwenyewe nimeshaangalia video mtandaoni jinsi ya kuingia kwenye menyu ya mashine ile wanayoingia wataalamu na kupandisha presha ya hewa, yake iko 9, nikafikiria 12. Sijagusa bado. Nimefikiria pia kumpigia daktari kimyakimya, au kununua oksimita nyingine nimvishe akishazama usingizini.

Baba yangu alifariki usingizini nikiwa na miaka 19, na yeye alikua anakoroma hivihivi. Mama alikua amelala pembeni yake. Mpaka leo anasema ningeamka.

Shangazi nifanyeje. Ni mimi nazidisha, au ni kweli mume wangu anaisha kidogokidogo wakati ripoti inasema yuko sawa?

Ni mimi wa kukesha

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha kote huko.

Barua yako nimeisoma jioni, nikairudia asubuhi, na mara zote mbili nimekwama palepale kwenye lile daftari. Nakuona umekaa gizani na mwanga wa simu, unaandika 87, unaandika 83, na mwenzio amelala hajui. Ni upweke mkubwa huo, na kabla sijasema lolote la namba nilitaka ujue nimeuona.

Nikikuelewa sawasawa, mambo yako hivi. Ripoti ya mashine inasema mume wako anaendelea vizuri. Mwili wake nao unasema hivyo hivyo, kichwa kimeacha kuuma na kusinzia kumekwisha. Halafu kuna kidude cha kidole kinasema alfajiri kuna kitu hakiko sawa, na wewe umebaki katikati unajiuliza nani anasema kweli. Mimi naomba tuligeuze kidogo hilo swali, maana umeliweka kana kwamba lazima mmoja wao awe muongo. Inawezekana kabisa wote wanasema kweli.

Mashine ya CPAP inasukuma hewa kooni ili koo lisijifunge, na inahesabu pumzi kwa kufuatilia hewa inavyopita kwenye ule mpira unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye barakoa. Hewa ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 na zaidi, inahesabu moja. Ile 2.9 ndio hiyo. Na ni namba nzuri kweli mwanangu, chini ya 5 kwa saa ndiko kunakotafutwa, na kwa mtu aliyeanzia 47, wakati kuanzia 30 tu tayari wanaita hali kali, daktari hakukosea kumpa mkono. Ila mashine hiyo haipimi oksijeni ya kwenye damu, labda iwe imeunganishwa na oksimita yake. Inahesabu pumzi tu. Kwahiyo daktari alisoma kitu kimoja na wewe unasoma kingine, na inavyoonekana hakuna aliyeviweka viwili hivyo kwenye meza moja. Hofu yako haijatoka hewani. Kuna swali halali hapo na mtu mwenye utaalamu anaweza kulijibu.

Sasa tuje kwenye hiyo 84, na hapa nataka nikuulize vitu ambavyo pengine hukuwa na nafasi ya kuvifikiria saa kumi alfajiri ukiwa unatetemeka. Mkono wake ulikuwa wapi? Ulikuwa nje ya shuka umepoa, au ameulalia? Ulivyombana kidude ulisubiri kwa muda gani ndio ukasoma?

Nauliza kwasababu oksimita haioni oksijeni yenyewe. Inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na mwingine wa infraredi ambao macho hayauoni, halafu inapiga hesabu kutokana na jinsi damu inavyonyonya kila mwanga pale mapigo ya moyo yanapopita. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyegundua njia hii ya kutumia mapigo miaka ya mwanzo ya 1970 na imeokoa watu wengi sana. Lakini inategemea mapigo yaonekane vizuri. Kidole kikiwa cha baridi, mkono ukibanwa chini ya ubavu, mtu akijigeuza, kucha ikiwa na rangi, inayumba. Na sekunde za mwanzo baada ya kuibana bado inatafuta mapigo, namba inayotoka hapo ni ya kubahatisha, inatakiwa uiache itulie nusu dakika au zaidi na uangalie pia ile namba ya mapigo ya moyo kama inaeleweka. Hata ikiwa imetulia kabisa, hivi vidude vinaweza kupishana na damu halisi kwa pointi 2 au 3 hivi, na namba zikishuka sana ndio uhakika unazidi kupungua.

Usinielewe vibaya, sisemi namba zako ni za uongo. Kuna kosa la upande wa pili pia, na hilo watu wengi hawalijui. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita iliwasomea kama wako salama wakati damu iliyochotwa kwenye mshipa ilionyesha oksijeni iko chini, na jambo hilo liliwatokea wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko weupe. Yaani kwa ngozi nyeusi kama yangu oksimita inaweza ikapandisha namba kuliko uhalisia. Ndio maana siwezi kukwambia puuzia, na siwezi kukwambia ogopa. Namba moja iliyoshikwa gizani haina uzito wa kutosha kwa lolote kati ya hayo mawili.

Daftari lako lakini lina kitu. Saa saba 95, saa nane 94, halafu saa tisa na nusu 87, saa kumi na robo 83. Kama usiku zingine nazo zinafanana na huo, basi ukiacha namba zenyewe ukaangalia saa peke yake, unaona zinaporomoka kuelekea alfajiri. Na alfajiri ndio muda ambao usingizi wa ndoto unakuwa mrefu kuliko mwanzo wa usiku. Kwenye usingizi huo misuli inalegea sana, ya koo ikiwemo, na kwa watu wengi wenye tatizo hili ndio saa koo linapojifunga kwa urahisi. Ongezea kama huwa analala chali muda huo. Inawezekana presha ya 9 inamtosha akiwa ubavu lakini haimtoshi akiwa chali anaota. Inawezekana barakoa inasogea hewa ikaanza kuvuja pembeni, au mdomo unafunguka hewa inatokea hukohuko. Hilo la kuvuja kwenye ripoti nyingi za mashine linaonekana, kuna sehemu yake, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha saizi ya barakoa au kukaza mkanda basi.

Uwezekano mwingine ni wa tofauti na ndio ambao ningependa daktari auangalie. Kuna mtu koo lake liko wazi kabisa, pumzi hazikatiki, mashine inaandika namba nzuri, ila oksijeni iko chini kwasababu anapumua juujuu mno, au mapafu yenyewe yana shida, au uzito wa mwili unakandamiza kifua akilala. Ukiiona kwenye mchoro wa oksijeni wa usiku mzima utaitambua hata wewe. Pumzi zinazokatika zinachora meno ya msumeno, shuka panda shuka panda. Hii ya pili inachora bonde refu, inashuka na kukaa hukohuko. Huwezi kuyatofautisha kwa kuamka mara nne usiku ukachungulia, hata ungekuwa nesi wa miaka ishirini. Madaktari wanauliza imeshuka mara ngapi kwa saa, kila mshuko pointi 3 au 4, na kwa jumla amekaa dakika ngapi chini ya 90. Sekunde chache za 84 na nusu saa ya 87 ni habari mbili tofauti kabisa.

Kabla sijaenda mbali, kama akiwa macho, ameketi, kidole kina joto na kidude kimetulia, bado kinasoma chini ya 92, au akiamka anakuwa amechanganyikiwa, au midomo inabadilika rangi, au kile kichwa na kule kusinzia kwa mchana kunarudi, barua yangu iweke pembeni umpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Turudi kwenye hayo uliyoyafikiria.

Mtungi wa shemeji. Najua shemeji anasema kwa upendo, na kwa mtu anayeogopa 83 oksijeni inasikika kama jibu la wazi. Ila shida ya mume wako ilikuwa koo kujifunga, na oksijeni haifungui koo. Utakachopata ni namba kupanda. Oksimita itasoma 95 na wewe utalala usingizi, na koo bado linajifunga, na kwa baadhi ya watu zile kimya zinarefuka zaidi maana mwili umechelewa kugutuka. Na kama yeye ni wa lile bonde refu, wa kupumua juujuu, oksijeni isiyopimwa inaweza kumfanya apunguze kupumua hata kuliko sasa, hewa chafu ikajaa kwenye damu, na hiyo kidude cha kidole hakiioni kabisa. Wapo wanaoandikiwa oksijeni pamoja na CPAP, ndiyo, ila baada ya kupimwa. Kuongeza na hatari ya moto kwenye chumba cha kulala, hapo moyo wangu unasita sana.

Kupandisha presha mwenyewe. Umesema hujagusa, na nimefarijika kusoma hilo. 12 inaweza ikawa ndio anayohitaji, sijui na wewe hujui, ila inaweza pia ikaongeza kuvuja, ikamjaza hewa tumboni aamke amevimbiwa, au kwa baadhi ya watu ikaleta kukatika kwa pumzi kwa aina nyingine ambako koo liko wazi ila ubongo wenyewe unachelewa kutoa amri ya kupumua. Halafu daktari akija kusoma ripoti hataelewa kilichobadilika.

Kumpigia daktari kimyakimya hilo nimelifikiria muda mrefu. Kuna upande wangu unasema piga, ni usalama wake. Daktari pengine atakusikiliza bila yeye kukwambia siri za mgonjwa wake, na wewe utakuwa umeutua mzigo. Lakini mume wako ameshaficha kidude, maana yake ameshaanza kuona kuna mambo ya mwili wake yanafanyika nyuma ya mgongo wake. Akisikia kliniki wanamuuliza kuhusu namba ambazo hajawahi kuonyeshwa, unadhani atatupa nini, namba au barakoa? Kumvisha oksimita ya pili akishalala naiona vilevile. Wewe unamjua kuliko mimi, utapima.

Iko njia ya katikati ambayo sikuiona kwenye barua yako. Zipo oksimita za kurekodi, zinavaliwa kwenye kidole au mkononi, zingine ni kama pete, zinakaa usiku kucha kimya bila mlio, asubuhi ndio mnafungua kwenye simu au kompyuta. Kliniki nyingi za usingizi wanazo za kuazimisha kwa usiku mmoja au miwili. Anavaa mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa macho. Usiku kama mitatu hivi na mashine imewashwa kama kawaida, saa ya mashine na saa ya oksimita zilingane, kucha safi, mkono ambao huwa haulalii. Halafu mchoro huo na ripoti ya mashine ya usiku uleule vinaenda pamoja kwa daktari. Hapo mtaona kama pale oksijeni iliposhuka hewa ilikuwa inavuja, au pumzi ilikatika, au hakuna kilichotokea kabisa na ilikuwa ni mkono umebanwa tu.

Nayo sio njia rahisi. Anaweza kukataa. Wewe unaweza ukashindwa kulala hata ukijua inarekodi. Na ikitoka safi, je utaamini, au utasema tupime wiki ingine? Jiulize hilo mapema kabla hajaivaa. Na ikitoka mbaya, mkubaliane kabisa kwamba inaenda kwa daktari sio kwa shemeji.

Kuna jambo nalisema kwa uzito maana najua litauma. Ule usiku wa kochi, alivyolala bila mashine, ndio usiku ambao kwa kila tunachokijua juu ya ugonjwa wake oksijeni yake ilikuwa hatarini kuliko usiku wowote ulioandika, na kwenye daftari hauna namba. Sikulaumu, ulikuwa unajaribu kumuokoa. Ila kila ukimwamsha unamrudisha mwanzo wa usingizi, na unaifanya barakoa iwe kitu cha ugomvi, wakati barakoa hiyo ndiyo inayomshikilia. Miezi mitano anaivaa kila usiku, wapo wengi wanaoishia kuiweka kabatini wiki ya pili. Umewahi kumwambia umeliona hilo?

Na mwisho kabisa wa barua, baada ya namba zote, umeandika kuhusu baba yako. Mistari mitatu tu halafu ukakimbia. Mimi nimebaki hapo.

Ulikuwa na miaka 19. Mama anasema ningeamka, na wewe umelisikia neno hilo kwa miaka 22, na sasa umelala upande uleule wa kitanda aliolala mama na unafanya alichosema angefanya. Unaamka. Sijui baba alichukuliwa na nini, inawezekana na wewe hukuwahi kuambiwa, na kukoroma kwake peke yake hakutoshi kutuambia. Ninachojua ni kwamba kwenye chumba cha mama hakukuwa na mashine, hakukuwa na majibu ya vipimo, hakukuwa na daktari anayefuatilia. Chumba chako kina vyote hivyo. Sidhani kama moyo wako umeshauona huo utofauti, na hauwezi kuuona kwa kuangalia skrini.

Swali langu ni hili, mume wako anajua? Anajua kwamba ukimtikisa saa kumi alfajiri anayetikiswa pale sio yeye peke yake? Yeye anasikia mke anayemuona mgonjwa, anasikia hujamuamini na jitihada zake zote. "Nimechoka kuamshwa niambiwe sijafa", mwanangu, hilo ni neno la mtu aliyeumia, sio la mtu asiyejali. Pengine ukikaa nae mchana, sio kitandani, sio usiku, bila daftari, ukamwambia habari ya baba na lile neno la mama, ombi la kuvaa pete ya kurekodi usiku mitatu litamfikia kwa namna nyingine. Pengine pia atakwambia kitu ambacho yeye anakiogopa, maana na yeye ndiye aliyesinzia kwenye usukani watoto wakiwa nyuma, na sijasikia popote kwenye barua yako kama mmeshawahi kuliongelea.

Wewe pia unahitaji mtu. Unasinzia kazini, na kama unaendesha gari una hatari ileile aliyokuwa nayo yeye. Hiyo alamu ya chini ya mto, unaweza kuizima kwa usiku mmoja tu, ule atakaokuwa ameivaa oksimita ya kurekodi na yeye mwenyewe amekubali? Sikwambii ni rahisi. Na kama ukiizima mwili bado unaamka wenyewe saa kumi, moyo unakwenda mbio, basi hiyo ni ya kuzungumza na mshauri wa ana kwa ana anayeshughulika na msiba na hofu, na unastahili kupewa muda huo kama yeye alivyopewa mashine.

Niandikie tena, hata mistari miwili. Sio lazima uniambie namba zilisomaje. Niambie kama ulimweleza habari ya baba, na yeye alijibu nini.

Shangazi yako